Safari ya Kwanza kwa Ndege Ndogo ya Pangaboi

Ndege ndogo za pangaboi ndizo zinazofika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ambako ndege kubwa hazina pa kutua. Zinakwenda Mafia, Pemba na Kilwa. Zinatoka Arusha hadi Seronera na Kogatende ndani ya Serengeti. Zinaondoka Wilson, Nairobi, kwenda Manda kwa wanaoelekea Lamu, au Keekorok na Ol Kiombo kule Maasai Mara. Inayoonekana zaidi ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982: bawa liko juu ya madirisha, magurudumu hayakunjwi, na abiria ni kumi na wawili hivi. Makala hii inahusu ndege za aina hiyo. Bombadia na ATR nazo zina pangaboi, lakini zina wahudumu na choo, na kuzipanda hakutofautiani sana na kupanda jeti.

Kinachoitenga ndege ndogo na nyingine ni kwamba abiria yumo katika hesabu yake. Uzito wake, kiti anachokalia, begi alilobeba na hata upande anaoiendea ndege vyote vina athari. Karibu kila ushauri unaofuata unatokana na hilo.

## Kabla ya kulipia tiketi

Makosa mengi ya msafiri wa mara ya kwanza hutokea hapa, siku kadhaa kabla ya kuiona ndege.

- Saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa. 07:30 ni saa 1:30 asubuhi, na 13:00 ni saa 7 mchana. Kila mara kuna abiria anayefika saa saba mchana kwa ndege iliyoondoka asubuhi. Akate tiketi, kisha aandike saa ya Kiswahili kando yake kwa kalamu.
- Kiwanja. Dar es Salaam, ndege ndogo nyingi hutumia jengo la kwanza la Uwanja wa Julius Nyerere, mbali na jengo la tatu la ndege za kimataifa. Nairobi, Wilson na Jomo Kenyatta ni viwanja viwili tofauti, na foleni ya magari kati yao yaweza kula saa nzima. Arusha nayo ina kiwanja chake pale Kisongo, na Uwanja wa Kilimanjaro uko mbali na hapo.
- Jina. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Safari ya ndani ya nchi hudai kitambulisho pia, hata ile ya dakika ishirini kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Asiye raia abebe pasipoti.
- Muunganiko. Ndege ndogo huchelewa kwa sababu ya mvua, ukungu au abiria wa kituo kilichotangulia. Anayekwenda kupanda ndege ya kimataifa asipange safari mbili zinazopishana kwa saa mbili. Nusu siku ndiyo nafasi ya chini ya busara, na kulala usiku mmoja mjini ni bora zaidi.

Mwenye nafasi ya kuchagua achague ndege ya asubuhi. Ardhi huwa haijapata joto, hewa imetulia, na mawingu makubwa ya mchana hayajajikusanya. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii: viwanja vingi vya hifadhini havina taa, hivyo ndege ni lazima itue kabla ya giza. Ucheleweshaji wa asubuhi huishia kuwa safari ya mchana. Ule wa alasiri unaweza kuwa safari ya kesho.

## Mizani, na kwa nini ukweli ni muhimu

Kwenye kaunta abiria anaweza kuombwa apande mizani pamoja na begi lake, au aulizwe uzito wake. Wapo wanaoona haya, na wapo wanaopunguza kilo kumi kwa adabu ya kujisitiri. Hili ni kosa lenye uzito halisi.

Caravan iliyorefushwa, ile inayotumika sana kwa abiria, hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi takribani kilo 3,970. Ndani ya kiasi hicho imo ndege yenyewe, rubani, mafuta, abiria wote na mizigo yote. Bombadia Q400 huruka ikiwa na karibu tani 30, kwa hiyo kilo hamsini za ziada kwake ni kidogo sana. Kwa Caravan, watu kumi wakidanganya kilo kumi kila mmoja, rubani amebeba mtu mzima zaidi asiyemjua. Ugumu huongezeka kwenye viwanja vya juu na vya joto. Wilson iko karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, bawa hunyanyua kidogo na injini hupata pumzi kidogo. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka.

Ndiyo maana pia rubani huwapangia watu viti. Uzito ukirundikana nyuma, ndege huwa ngumu kuongoza. Anayehamishwa kutoka kando ya mwenzake aende kukaa mbele hajadharauliwa, na asirudi kwenye kiti chake cha zamani rubani akigeuka. Wanandoa na wazazi wanaotaka kukaa pamoja waseme mapema, kwenye kaunta, kabla hesabu haijafungwa.

## Kufunga begi

Mashirika mengi ya ndege ndogo huruhusu kilo 15, na katika baadhi yao kilo hizo ni pamoja na mkoba wa mkononi. Aulize, asikisie. Umbo nalo lina maana: mizigo huwekwa nyuma ya viti au katika sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege, na mlango wa sanduku hilo ni mfupi. Begi laini la kitambaa hukunjika na kuingia. Sanduku gumu la magurudumu, hata likiwa jepesi, linaweza kubaki uwanjani.

Vitu vya kuangalia:

- Pawabenki na betri za akiba zikae mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye begi la chini. Betri ikishika moto mkononi huonekana na kuzimwa. Chini ya ndege hakuna wa kuiona.
- Mitungi ya gesi, petroli, mafuta ya taa na viberiti haviingii ndegeni kabisa.
- Dawa za kila siku, pesa na hati zikae mwilini au kwenye mkoba mdogo wa mapajani.
- Samaki, dagaa wabichi na mafuta ya nazi vifungwe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Doriani la Unguja libaki Unguja: harufu yake haina pa kutokea katika chumba kidogo kile.
- Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo isitumike kufungia mizigo midogo.

Nguo nyepesi ya mikono mirefu husaidia. Asubuhi juu ya nyanda za Ngorongoro chumba huwa baridi, na dakika chache baada ya kutua jua huwa linachoma.

## Tumbo, masikio na choo

Ndege hizi hazina choo. Safari nyingi ni fupi, lakini Arusha hadi kaskazini mwa Serengeti kwa kupitia viwanja viwili vitatu yaweza kuzidi saa moja na nusu. Abiria aende msalani jengoni hata kama hajabanwa, na apunguze chai na kahawa asubuhi hiyo. Aliyebanwa njiani amwambie rubani ndege ikitua kituo cha kati. Marubani wamezoea ombi hilo.

Kichefuchefu huwapata hata watu wasioumwa na gari. Tumbo tupu hukizidisha, na tumbo lililojaa maharage na chapati za mafuta pia. Kipande cha mkate na ndizi saa moja kabla kinatosha. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya kuruka, nusu saa hadi saa moja, kwa sababu vikimezwa mtu akiwa tayari anatapika havifai kitu. Vingi huleta usingizi, basi asiendeshe gari baada ya kutua, na mtoto asipewe bila ushauri wa mfamasia. Ndani ya ndege, kiti kilicho karibu na bawa hutikisika kidogo kuliko cha nyuma kabisa. Abiria atazame mbali, kwenye mstari ambapo mbingu inakutana na ardhi au bahari, na aiache simu. Wengi huugua wakati wanarekodi video. Mfuko wa kutapikia uko mfukoni mwa kiti cha mbele. Auangalie upo kabla ya kuruka.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka. Caravan haina mfumo wa kuhifadhi mgandamizo wa hewa chumbani, kwa hiyo sikio hufuata kimo halisi cha ndege. Kumeza mate, kupiga miayo na kutafuna pipi husaidia. Lisipozibuka, abiria abane pua, afunge mdomo na kupuliza taratibu, bila nguvu. Mwenye mafua makali au maambukizi ya sikio aahirishe safari kama anaweza, maana maumivu yake huwa makubwa na ngoma ya sikio inaweza kuumia.

## Kutoka jengoni hadi mlangoni

Hapa ndipo penye hatari ambayo abiria anaidhibiti mwenyewe, na pastahili umakini kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari. Pangaboi linalozunguka kwa kasi halionekani. Macho huona hewa tupu au ukungu mwembamba tu. Likigusa mtu, huua. Na kwenye viwanja vidogo ndege yaweza kushusha na kupakia abiria huku nyingine imewasha injini mita chache pembeni.

1. Abiria asitoke jengoni au chini ya mti wa kusubiria mpaka aitwe.
2. Amfuate mhudumu kwa mstari, asikate njia.
3. Aiendee ndege kwa nyuma ya bawa. Mlango wa abiria wa Caravan uko nyuma, upande wa kulia, na mtu hana sababu yoyote ya kupita mbele ya pua ya ndege, hata kama pangaboi limesimama.
4. Mtoto ashikwe mkono, asiachwe atangulie. Mdogo abebwe.
5. Kofia ivuliwe, kanga na mtandio vifungwe vizuri. Kitu kikipeperushwa na upepo kiachwe kiende. Kukimbilia kofia ndiko kunakompeleka mtu mbele ya pangaboi.
6. Picha zipigwe kabla ya kuitwa au baada ya injini kuzimwa, na kamwe kwa kurudi kinyumenyume.

Ngazi ni nyembamba na mlango ni mfupi. Abiria ainame, ashike kamba au chuma cha pembeni, asijivute kwa kushika viti. Mzee au mwenye maumivu ya magoti aseme mapema apewe kiti kilicho karibu na mlango, kwa sababu ndani watu hutembea wakiwa wameinama.

## Ndani, kabla ya kuruka

Hakuna mhudumu. Rubani mwenyewe hugeuka, hueleza mkanda na milango, kisha huwasha injini. Maelezo hayo huchukua dakika moja na hustahili kusikilizwa neno kwa neno. Abiria afunge na kufungua mkanda mara mbili ili mkono uzoee, ahesabu viti kati yake na mlango, na apapase lilipo jaketi la kujiokolea.

Jaketi linahitaji maelezo zaidi, maana wengi hukosea hapa. Huvaliwa ndani ya ndege lakini hujazwa hewa nje tu, mtu akishavuka mlango. Likijazwa ndani na maji yakaingia, humwelesha mtu hadi kwenye dari na kumzuia kuzama chini aufikie mlango. Wasafiri wengi wa Tanzania wakiambiwa watavuka maji huikumbuka ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, ambapo ATR iliyobeba watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja. 19 walifariki na 24 wakanusurika. Mwenye hofu hiyo ana haki nayo. Kitu anachoweza kufanya ni kujua mlango ulipo na jaketi linavyovaliwa kabla ndege haijaondoka.

Mara nyingine abiria huketishwa mbele, kando ya rubani. Ni kiti cha kutazamia kizuri kuliko vyote, lakini mbele yake kuna usukani na miguuni kuna pedali zinazofanya kazi kwelikweli. Miguu irudi nyuma, mkoba usiwekwe sakafuni, kamba ya kamera isining'inie, na rubani asisemeshwe wakati wa kuruka na kutua. Asiyejiamini akatae kiti hicho.

## Sauti na mitikisiko iliyo ya kawaida

Hofu nyingi hutokana na kitu cha kawaida kisichotarajiwa. Vinavyowashtua watu zaidi ni hivi:

- Tiki-tiki na harufu ya mafuta ya taa injini ikiwashwa. Mafuta ya ndege hizi ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa ya jikoni.
- Mngurumo kupungua muda mfupi baada ya kuruka. Huu ndio unaowatia watu jasho. Rubani hupunguza nguvu kutoka ile ya kurukia kwenda ile ya kupandia, injini haijazimika.
- Vipande vya nyuma ya bawa kushuka kwa mlio wa mota. Huongeza uwezo wa bawa kunyanyua ndege kwenye mwendo mdogo.
- Ndege kutua ikiwa imeelekeza pua pembeni. Upepo ukivuma kwa ubavu, kama kusi linavyovuma pwani miezi ya katikati ya mwaka, rubani huigeuza pua kuukabili na kuinyoosha karibu na ardhi.
- Honi kali sekunde chache kabla ya magurudumu kugusa. Hutoa taarifa kwamba mwendo umepungua hadi karibu na kiwango ambacho bawa huacha kubeba. Juu ya njia ya kutulia, hicho ndicho rubani anachokitafuta.
- Kupita juu ya kiwanja bila kutua. Hifadhini rubani hupita chini kwanza kuwafukuza pundamilia au nyumbu, kisha huzunguka.
- Mngurumo mkubwa baada ya kutua. Pangaboi hugeuzwa pembe lisukume hewa mbele, kusaidia breki.

Mitikisiko ni mikubwa zaidi mchana, juu ya ardhi iliyopata joto, karibu na milima, na pale pwani inapokutana na bahari. Kila hewa ya moto inayopanda huinyanyua ndege nyepesi kama daladala inavyorushwa na tuta, kisha huiachia. Mkanda ubaki umekazwa kiunoni safari nzima. Anayeumia kwenye mtikisiko kwa kawaida ni yule aliyeulegeza.

## Injini ni moja tu, ikizimika?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote na linastahili jibu la moja kwa moja. Ndege haianguki kama jiwe. Hushusha pua na kuteleza, na kwa kila kilomita ya kimo huenda kilomita kadhaa mbele, muda ambao rubani hutafuta pa kutua. Caravan hutua kwa mwendo mdogo, takribani kilomita 110 hadi 130 kwa saa, na magurudumu yake yametengenezwa kwa nyasi na changarawe. Injini yake ni ya jamii ya PT6, iliyo kazini tangu miaka ya 1960 na kuaminika duniani kote.

Hayo hayafuti hatari yote. Linaloipunguza zaidi ni shirika linalofuata kanuni. Abiria ana haki ya kuuliza kama mwendeshaji ana leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi yake, na asikubali kamwe safari ya "ndege ya rafiki" inayouza viti kwa bei ya chini kienyeji.

## Rubani akisema hapana

Rubani anaweza kukataa kuruka kwa sababu ya wingu, kuacha begi, au kurudi alikotoka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hilo hutokea mara nyingi zaidi. Abiria asimshinikize, asimwambie kwamba ndege nyingine imeruka, wala asimtajie mazishi au mkutano unaomsubiri. Yuko peke yake na uamuzi, na kila sauti ya kumharakisha humwongezea mzigo. Malalamiko ya fidia, kupangiwa ndege nyingine au kulala yapelekwe kaunta.

## Wanaohitaji tahadhari ya ziada

Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupakatwa, na mkanda wake wa nyongeza huombwa kwa rubani. Mkanda mmoja usiwazungushie mama na mtoto. Wakati wa kushuka anyonyeshwe au apewe chupa, maana kumeza humzibua masikio. Mjamzito aulize masharti mapema: mashirika mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayampokei katika wiki za mwisho. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu au selimundu aongee na daktari wake, akimweleza kwamba ndege haihifadhi mgandamizo wa hewa.

Wazamiaji wa Mafia, Pemba na Unguja wana sharti lao. Aliyezamia mara moja kwa mtungi, bila kuhitaji vituo vya kupunguza gesi, asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Aliyezamia mara kadhaa au siku mfululizo asubiri angalau saa 18. Aliyehitaji vituo hivyo asubiri zaidi ya saa 24. Kuruka chini si kisingizio cha kukata muda huo.

## Baada ya kutua

Safari nyingi hupita vituo kadhaa, na hakuna tangazo. Abiria amuulize rubani jina la kiwanja kabla ya kufungua mkanda, kwa sababu viwanja vya hifadhini hufanana na wapo walioshuka Seronera wakati wenyeji wao wanawasubiri Kogatende. Akae mpaka rubani aruhusu, ateremke, aelekee nyuma ya ndege na kukaa mbali na pua.

Begi lake alione likishushwa kwa macho yake. Mizigo ya vituo vyote hukaa pamoja, na kosa likigundulika baada ya ndege kuondoka, begi huenda likazunguka hadi kesho.

Masikio yanaweza kubaki yameziba kwa saa chache na hufunguka yenyewe. Maumivu yakizidi siku moja au mbili, au sikio likitoa maji au damu, abiria aende kwa daktari kabla ya kupanda ndege ya kurudi.